Kamati ya Watoto si Daftari la Wahuni

Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei mliokabidhiwa dhamana katika jumuiya, vigango na parokia zetu,

Tunawaandikia juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kiasi cha kutoliona tena. Katika kata na mitaa yetu zimeundwa kamati ambazo kazi yake, pamoja na mambo mengine, ni kuwakinga watoto wasizame katika uhalifu. Kamati hizo zina wenyeviti na makatibu, na baadhi zina mihuri. Katika nyingi ya hizo ameketi mtu aliyetumwa na Kanisa: katekista, mama wa WAWATA, au mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei. Kwa hiyo tunapozilaumu kamati hizi hatuwanyoshei wengine kidole. Tunajilaumu wenyewe.

Hoja yetu ni moja, nasi twaiweka wazi tangu mwanzo. Kamati ya kuwakinga watoto isipotawaliwa kwa utaratibu ulio wazi, haikai bure bila kazi. Huokota kazi iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kuandika majina ya watoto wa maskini na kuyapeleka polisi. Yeyote anayeona kwamba habari za akidi, mihutasari na bajeti ni mambo ya makarani tu, yasiyohusu haki, na asome hadi mwisho.

I. TUONE

Miaka michache iliyopita, katika kata moja ambayo hatuitaji jina, kamati iliitishwa kwa haraka baada ya nyumba tatu kuvunjwa katika juma moja. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Mjane mmoja alikuwa ameibiwa cherehani aliyokuwa akijipatia riziki kwayo. Kikao kilichukua saa moja na nusu. Muhtasari wa kikao kilichotangulia haukusomwa, kwa kuwa haukuwapo. Afisa Ustawi wa Jamii hakualikwa. Ilisemwa kwamba ana kata nyingi na hapatikani. Mwalimu hakuwapo. Kijana hakuwapo hata mmoja. Agenda ilikuwa moja tu: kila mtaa utaje vijana unaowashuku.

Karatasi ilizungushwa. Ilipomaliza kuzunguka ilikuwa na majina 23. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 11. Kosa lake, kadiri lilivyoelezwa kikaoni, lilikuwa kulala standi na kuokota vyuma chakavu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa umri huo analala standi. Laiti tungaliuliza, tungaliambiwa na akina mama wauza vitumbua wa pale kwamba mama yake alikuwa amefariki, na kwamba huko alikobaki mlango ulikuwa haufunguliwi baada ya saa mbili usiku. Wale akina mama walijua. Ila wao hawakuwa wajumbe.

Wajumbe wote walitia sahihi. Mwakilishi wa parokia naye alitia sahihi. Mwakilishi huyo alikuwa mmoja wetu.

Juma lililofuata mtoto yule hakuonekana tena standi. Wengine walisema amechukuliwa, wengine walisema amekimbia. Kamati haikuulizwa wala haikujiuliza, maana hapakuwa na kikao kingine hadi nyumba nyingine ilipovunjwa. Na yule aliyenunua cherehani ya mjane, je? Jina lake halikuandikwa, ingawa mtaa mzima ulilijua banda linalonunua vitu usiku bila kuuliza vimetoka wapi. Mwenye banda ni mtu mzima, ana leseni, na michango hutoa. Kwa namna hiyo karatasi ilimwona mtoto aliyeokota bati, isimwone mtu mzima anayelilipia bati hilo.

Ndugu zetu, daftari la namna hii si jambo jipya katika nchi yetu. Serikali ya kikoloni iliwakamata Dar es Salaam wale iliowaita wahuni, ikawarudisha makwao bara; wengi wao walirejea mjini. Baada ya Uhuru tuliondoa bendera ya mkoloni, lakini neno lake tukabaki nalo. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na katika kampeni yake watu wasio na kazi rasmi walisombwa mijini na kupelekwa mashambani. Hao nao, walio wengi, walirudi. Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na hofu ya makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road, watu wakafunga maduka na kukimbilia majumbani. Yakafuata misako na kamatakamata. Septemba 2022 jina lile lile lilisikika tena, mapanga yale yale, na safari hii Jeshi la Polisi lilitangaza kwamba watuhumiwa kadhaa waliuawa. Kati ya mwaka 2015 na 2022 ilipita miaka saba. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 katika hofu ya kwanza alikuwa na miaka 16 katika hofu ya pili. Katika miaka hiyo saba, kamati ya mtaa wake ilikaa mara ngapi kumzungumzia yeye, kabla hajashika panga?

Tena tusisahau wanakotoka watoto hawa. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono. Hatusemi kwamba kila aliyepigwa huja kupiga. Wapo waliopigwa wakawa watu wema kuliko sisi. Twasema tu kwamba kabla jamii haijaandika kosa la mtoto, ilikuwa imekwisha kumkosea, na kosa hilo la kwanza haliandikwi na kamati yoyote.

II. TUPIME

Tuanze na sheria, kwa kuwa wako wanaodhani sheria iko upande wa daftari. La hasha. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inazikabidhi serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Sheria hiyo hiyo inataka mahakama ya watoto iketi faragha, wala mtoto asihukumiwe kifungo gerezani. Kanuni ya Adhabu nayo inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na kwamba aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kuwa alikuwa na uwezo wa kutambua kwamba analotenda ni baya. Mtoto yule wa miaka 11, hakimu angewajibika kwanza kupima kama anaelewa alilolifanya. Kamati yetu ilimmaliza kwa kalamu, katika dakika zisizozidi mbili.

Angalieni pia Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, wa kuanzia 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo ulielekeza kuwe na kamati moja ya ulinzi wa wanawake na watoto katika kila ngazi, kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, badala ya kamati nyingi zilizokuwa zikigongana. Liangalieni jina lenyewe: ni kamati ya ulinzi wa mtoto. Si kamati ya kujilinda na mtoto. Mahali palipobaki jina tu, na utaratibu ukakosekana, maneno hayo mawili yamebadilishana nafasi pasipo mtu kupiga kura.

Mataifa nayo yalikwisha kulisema hili. Desemba 1990 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Riyadh juu ya kuzuia uhalifu wa watoto. Miongozo hiyo inatukumbusha kwamba makosa mengi ya ujana ni sehemu ya kukua na huisha yenyewe, na inaonya kwamba kumwita kijana mhalifu mara nyingi humsukuma aishi kwa jina hilo. Wazee wetu hawakuhitaji kwenda Riyadh kuyajua hayo. Ukimwita mtoto mwizi kila asubuhi, siku atakapokosa chakula atakumbuka kazi uliyompa.

Katika Kanisa tunaye mwalimu wa jambo hili. Yohane Bosco, aliyepewa upadre mwaka 1841, alitembelea magereza ya Torino akakuta humo vijana wengi. Alitambua kwamba wengi wao walirudi gerezani kwa sababu siku walipotoka hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Naye pia aliandika karatasi zenye majina ya vijana, lakini zilikuwa karatasi za namna nyingine: mikataba ya uanagenzi kati ya kijana na bwana wake wa kazi, iliyosema atafundishwa nini, atapumzika lini, na kwamba hatapigwa. Mwaka 1877 aliandika juu ya njia yake hiyo, akaiita mfumo wa kuzuia. Basi yatupasa tujiulize: karatasi yenye sahihi ya parokia yetu inafanana na ipi? Ile ya Torino, au ile ya majina 23?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatupa pia kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius wa XI mwaka 1931. Kwa kifupi, lile linaloweza kufanywa na jumuiya iliyo karibu na watu lisinyakuliwe na mamlaka ya juu. Nayo mamlaka ya juu inawajibika kuisaidia jumuiya hiyo ndogo iweze. Kanuni hii inakata pande zote mbili. Inatukataza sisi wa mtaani kukaa tukisubiri mkuu wa wilaya aje kutulelea watoto. Na inaikataza halmashauri kuitupia kata mzigo wa watoto bila senti moja, kisha mwisho wa mwaka kuuliza kwa nini uhalifu umeongezeka.

Zipo hoja zinazoletwa dhidi yetu, nasi hatutaki kuzikwepa.

Ya kwanza: kwamba tunawahurumia wezi na kuwasahau walioibiwa. Twajibu: mjane yule hakurudishiwa cherehani yake na karatasi ile. Hakuitwa kikaoni, hakuulizwa anahitaji nini, hakuchangiwa hata sindano. Jina lake lilitumika kuwasha hasira, kisha likaachwa. Kamati yenye utaratibu ingeanza na yeye. Wala hatusemi kwamba anayewakata watu mapanga aachwe atembee. Polisi wana kazi yao na mahakama ina kazi yake. Twasema kamati si polisi wala si mahakama, na ikijifanya vyote viwili, kazi yake yenyewe inabaki bila mtendaji.

Ya pili: kwamba lawama ni ya wazazi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, na mzazi anayemtuma mwanawe barabarani usiku kuuza karanga wakati yeye yuko kilabuni atalijibu hilo. Lakini wazee walisema pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu huo ni nani? Ni kondakta anayemtukana, ni mwenye kibanda umiza anayempokea saa za shule, ni mwenye mashine za kamari anayepokea sarafu yake, ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ni sisi tunaopita na Misale mkononi. Ulimwengu una anwani, na anwani hizo zote zimo ndani ya kata.

Ya tatu: kwamba mambo haya yanawezekana Ulaya, si kwetu. Basi tuitazame nchi moja ya Ulaya. Kiangazi cha mwaka 1981 vijana wa mitaa ya Les Minguettes, huko Vénissieux karibu na Lyon nchini Ufaransa, walichoma magari, na taifa zima likashtuka. Gilbert Bonnemaison, mbunge na meya wa Épinay-sur-Seine, aliongoza tume ya mameya, na mwaka 1982 wakatoa taarifa iliyosema kwamba kuzuia, kuadhibu na kushikamana kijamii lazima viende pamoja, tena karibu na wananchi. Kuanzia mwaka 1983 yaliundwa mabaraza ya miji ya kuzuia uhalifu, mwenyekiti akiwa meya, yaani mtu aliyechaguliwa na wananchi na anayeweza kunyimwa kura. Hilo twaweza kujifunza. Lakini tujifunze pia na kasoro. Sheria ya Machi 2007 ilipowataka wafanyakazi wa ustawi wa jamii wampe meya habari za familia fulani wanazozihudumia, wengi wao walipinga. Walisema familia ikijua kwamba siri yake inafika ofisi ya meya, itafunga mdomo, na asiyesema hasaidiki. Kumbe hata kwenye bajeti na makompyuta, swali ni lile lile la kata yetu: nani anaandika jina la mtoto, nani analisoma, na kwa ajili gani?

Ya nne: kwamba fedha hazipo. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini kijana wa mikopo hiyo huanzia miaka 18. Mtoto wa miaka 14 aliyeacha shule hana fungu humo. Yeye ni mkubwa mno kuonewa huruma na mdogo mno kukopeshwa. Hatuombi mamilioni. Nauli ya kumfuata mtoto kwa shangazi yake wilaya ya jirani, ada ya mwaka mmoja kwa fundi seremala, sare na viatu vya kumrudisha darasani: hivi havikosi fedha, vinakosa mtu wa kuvisemea bajeti inapopangwa.

III. TUTENDE

Hatuna budi kueleza tunachokitaka. Tunataka kila mwakilishi wa Kanisa katika kamati ya kata au ya mtaa asimamie mambo saba yafuatayo. Na pale yanapokataliwa, asitie sahihi.

1. Kiti cha mbele. Mwenyekiti wa kamati na awe mtu anayewajibika kwa wananchi kwa kazi hii, si mwenye pingu. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wakae mezani, wasikilizwe na waheshimiwe, lakini wasiongoze kikao. Anayeongoza ndiye anayepanga agenda, na agenda ndiyo inayoamua kama mtoto ni wa kulindwa au wa kuwindwa.

2. Wajumbe wanaojua. Pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii, mwalimu, mhudumu wa afya, wenyeviti wa mitaa na wawakilishi wa parokia, misikiti na madhehebu mengine, waingizwe wanaowaona watoto kila siku: mama lishe wa standi, dereva wa bodaboda, fundi gereji. Waingizwe vijana wawili, msichana na mvulana, kutoka katika baraza la watoto pale lilipo. Wataambiwa hawajui taratibu za vikao. Na wafundishwe, nasi pia tulifundishwa.

3. Siku ijulikanayo. Kikao kiwe na siku yake, walau mara moja kila miezi mitatu, kuibwe kusiibwe. Kamati inayoitishwa na wizi itazungumzia wezi tu. Akidi ihesabiwe. Kikao kisicho na Afisa Ustawi wala mwalimu kisiamue lolote juu ya mtoto yeyote.

4. Muhtasari wa wazi, shauri la siri. Maazimio na matumizi ya fedha vibandikwe ubaoni na visomwe katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa. Lakini jina la mtoto lisiandikwe katika muhtasari, lisitajwe mkutanoni, wala lisizungushwe katika karatasi au katika simu. Shauri la mtoto mmoja mmoja na lishughulikiwe na Afisa Ustawi pamoja na wajumbe wachache waliokula kiapo cha siri, mbele ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe asikilizwe. Leo mambo haya mawili yamepinduliwa: fedha ndiyo siri, na aibu ya mtoto ndiyo tangazo.

5. Daftari la ahadi. Badala ya orodha ya washukiwa, kamati na iwe na orodha ya kazi: nani ameahidi nini, kabla ya tarehe gani. Mwalimu ataongea na mkuu wa shule juu ya utoro. Mwenyekiti wa mtaa atakwenda na mgambo kwa mwenye kibanda umiza kumkumbusha saa za shule. Diwani atafuatilia leseni ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Parokia itafungua ukumbi wake jioni. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma orodha hiyo, na aliyeahidi bila kutenda aeleze sababu mbele ya wenzake.

6. Fungu katika bajeti. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji ndiye katibu wake. Kwao mahitaji ya watoto yapelekwe kwa maandishi kila mwaka kabla bajeti haijapangwa, yakiwa na hesabu. Fungu likipatikana lisiishie katika posho na chai. Nasi twatamka wazi: mjumbe wa Kanisa asipokee posho itokanayo na fedha ya viatu vya mtoto.

7. Kupima na kuondoana. Mwisho wa mwaka kamati isihesabu waliokamatwa. Ihesabu waliorudi shuleni, waliokabidhiwa kwa fundi, waliopatanishwa na jamaa zao, watu wazima wangapi waliokuwa wakiwatumia watoto wamechukuliwa hatua. Kipindi cha ujumbe kiwe na mwisho. Asiyehudhuria mara tatu mfululizo bila udhuru nafasi yake ijazwe, hata kama ni mtu mkubwa, hata kama ametumwa na sisi.

Ndugu waamini, huenda mtasema haya ni mambo madogo. Kweli ni madogo. Lakini mtoto yule wa miaka 11 hakuangamizwa na uovu mkubwa. Hakuna aliyemchukia kikaoni. Aliangamizwa na mambo madogo: muhtasari usiosomwa, afisa asiyealikwa, mama vitumbua asiyekuwa mjumbe, mwakilishi wa parokia aliyekuwa na haraka ya kuwahi mazoezi ya kwaya. Kama udogo uliweza kumpoteza, udogo huo ukitengenezwa ungeweza kumshika mkono.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumekwisha kuamua kwa upande wetu. Mwakilishi wetu hatatia tena sahihi karatasi yoyote yenye majina ya watoto wanaoshukiwa tu. Ataomba muhtasari wa kikao kilichopita kabla ya sala ya kufungulia. Na tutaendelea kumtafuta mtoto yule, hatukomi, ingawa miaka imepita na huenda leo ndevu zimemwota. Tukimpata hatutakuwa na la kumhubiria. Tutamwomba msamaha, na tutamuuliza kama yuko tayari kuketi nasi katika kamati. Kwa maana hakuna mjumbe atakayejua kuliko yeye kamati ile ilikosa nini.

Tunawasihi nanyi mfanye hivyo hivyo katika kata zenu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini anayekunja na awe na mikono safi, na ijulikane ni mikono ya nani.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Je, katika kata yetu ipo kamati inayohusika na ulinzi wa watoto? Mara ya mwisho ilikaa lini, na nani kati yetu amewahi kusikia maazimio yake?

2. Mwakilishi wetu katika kamati hiyo ni nani? Tulimtuma sisi, au alijituma? Huturudishia taarifa?

3. Katika mtaa wetu ni watu wazima gani wanaofaidika na watoto walioacha shule? Kwa nini tunawaogopa kuliko tunavyowaogopa watoto wenyewe?

4. Je, tumewahi kutaja jina la mtoto hadharani kama mwizi bila kuwa na ushahidi? Tufanye nini kumrudishia heshima yake?

5. Ukumbi wetu, uwanja wetu na ufundi wa waamini wetu vinaweza kuwafaa vipi watoto wa standi, pasipo kuuliza kwanza ni wa dini gani?